Mama Giza na Pengo Ambalo Halikupimwa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa chuoni mliochelewa mkakaa nyuma, familia imeomba yasomwe haya kabla hatujaelekea makaburini, na imeomba yasomwe kama yalivyo, bila kutiwa sukari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1961, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa karakana hiyo na mkewe mshona nguo. Alianza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1968, sekondari ya wasichana mwaka 1975, akahitimu shahada ya kwanza ya fizikia Novemba 1984 na ya uzamivu, ng'ambo, Mei 1993, akarudi nyumbani wenzake wote wakabaki huko, na walipomcheka aliwajibu kwamba mwenye shoka hakosi kuni. Shoka alikuwa nalo, kuni ndizo hazikupatikana.

Aliajiriwa chuoni tarehe 1 Septemba 1993, na kazi yake, kwa ninyi mliokuwa mkimwona na mkoba tu, ilikuwa hii: mwanga ukiipiga fuwele, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu, tundu nalo likatembea kama kitu kamili, viwili hivyo vikavutana na kuzungukana, na kwa sababu ya nguvu ndogo iliyo kati ya viwili hivyo, ambayo wanafizikia huiita mwingiliano wa kubadilishana, jozi hizo zikagawanyika mafungu mawili yenye nishati tofauti kidogo, fungu la juu likatoa mwanga upesi na kuisha, la chini likakaa gizani, kung'aa haling'ai, kufa halifi. Pengo kati ya mafungu hayo ni dogo mno, joto la kawaida hulifunika, ukitaka kulipima sharti uipoze fuwele kwa heliamu ya kimiminika. Marehemu alikuwa amekokotoa kwamba katika fuwele zake bapa, alizozipika mwenyewe, pengo lingekuwa pana kuliko vitabu vinavyodai, na alichokitaka duniani ni kulipima mara moja tu, ajue kama yuko sahihi. Kwa jinsi alivyozisifia jozi za giza darasani, wanafunzi walimbandika jina la Mama Giza, naye akaitika.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na fundi wa mafriji, aliyekuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke asiyetoshwa na friji zote za mtaa, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, ambaye ana digrii mbili na hana kazi.

Turudi chuoni, maana huko ndiko alikoanza kufa, maradhi yalikuja kumalizia tu. Baada ya kuomba na kunyimwa mwaka hadi mwaka, heliamu ililetwa kwa lori tarehe 3 Machi 2014, ndani ya chupa kubwa ya chuma, na heliamu hiyo huchemka yenyewe, uiguse usiiguse, kila siku inapungua. Mkuu wa kitivo akaamuru chupa ifungiwe stoo mpaka mgeni rasmi aje kuzindua mtambo wa kupozea fuwele, mgeni rasmi akaahirisha, akaahirisha tena, na marehemu akawa anashinda kwenye benchi la nje ya ofisi ya Mkuu kama mgonjwa asiye na namba, mpaka siku moja Mkuu alipotoka akamwambia, "Madam, relax, protokali kwanza, hiyo gesi yako haina miguu."

"Miguu haina, Mkuu," akajibu, "lakini inaondoka."

Mgeni rasmi alifika tarehe 23 Mei, turubai likapigwa, utepe ukakatwa, kitufe kikabonyezwa, mshale wa kipimo haukusogea hata unywele, watu wakashangilia. Katika picha ya pamoja ni marehemu peke yake asiyecheka. Alipoomba heliamu nyingine alijibiwa kwamba fungu hilo la bajeti limeshatumika, na kwa kweli lilikuwa limetumika, lilipaa hewani huku hotuba zikiandaliwa. Fuwele zile nazo huharibika kwa hewa, na kufikia mwaka wa kustaafu kwake, 2021, zilikuwa zimefanya ukungu, hazifai tena kupimwa na yeyote.

Alianza kuugua figo Oktoba 2022, akalazwa mara kadhaa, na wiki ya mwisho alimwambia binti yake, "Mwanangu, hata kama nilikosea, ningependa kujua kwamba nilikosea." Alifariki tarehe 6 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya walichoweza kwa walichokuwa nacho, majirani mliotuazima viti, masufuria na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake wawili waliokuja kumtazama wodini, mnajijua, na wale wengine pia mnajijua. Hatutasema hapa kwamba kazi yake itaendelezwa, kwa sababu hakuna aliyeichukua, chumba chake cha maabara sasa kinawekwa viti vibovu, na hesabu zake hakuna wa kuzithibitisha wala wa kuzikanusha.

Pumzika kwa amani, mama yetu, dada yetu. Swali lako umeondoka nalo, na sisi jibu hatuna.