Bi Mwatum na Bendeji ya Siku Tano

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Bi Mwatum Jecha wa Konde, aliyetutoka Alkhamisi. Bi Mwatum, muuguzi wa vidonda sugu. Vile vya sukari, vinavyokaa mguuni mwaka mzima.

Mwaka 2006, kwa ruhusa ya daktari wake, alianza kuchemsha mwani jikoni kwake. Alitafuta ute wa kupaka kwenye shashi, ili kidonda kisikauke wala kugandana na kitambaa. Aliunguza sufuria tatu. Mdogo wake, Bi Time, bado anamcheka: "Nyumba nzima yanuka pwani, na wali hatuna pa kupikia!"

Bendeji ikapatikana. Sharti lake moja: isifunguliwe siku tano. Siku tano, wasikilizaji. Wagonjwa wakaifungua mara tano kwa siku, watie udhu. Bi Mwatum akamwendea Shehe Ngwali. Shehe akatangaza msikitini kuwa dini imeruhusu, pangusa juu ya bendeji kwa mkono wenye maji, yatosha. Watu wakasikia. Vidonda vikaanza kufunga.

Asiyesikia alikuwa mmoja. Mama mzazi wa Bi Mwatum, Bi Mize.

"Ruhusa hiyo ya wasojiweza," alisema. "Mie najiweza. N'simame mbele ya Mola na mguu mkavu?"

Bi Mwatum aliomba, akalia, akanuna. Asubuhi anafunga, adhuhuri anakuta bendeji imeanikwa kambani. Utamfanya nini mama yako? Umfunge mikono? Vijidudu vikaingia damuni, homa ikapanda. Bi Mize akawa hanyanyuki, akasali kwa ishara siku sita, na bendeji haikuguswa tena. Ya saba akafa.

Mabinti zake ndio waliomwosha. "Tulifungua ile bendeji," Bi Time ananiambia. "Chini yake nyama mpya, nyekundu, safi. Kidonda kilikuwa chapona. Dada kaushika tu ule mguu, hata tukamtoa mama kwenda kuzikwa."

Baada ya hapo Bi Mwatum alifunga miguu ya wazee wa watu miaka mingi, mpaka naye akaitwa.

Bi Time na jamaa wote, poleni sana. Mungu amrehemu.

Nawe msikilizaji uliye na mzazi mwenye kidonda, keti naye leo. Ningependa kukupa neno la kumwambia. Mwaka jana, humu studio, nilimuuliza Bi Mwatum angemwambia nini mama yake. Alimgeukia fundi mitambo, akamwomba aweke kaswida.