Akina Chausiku Kumi na Tisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Daktari Mfawidhi wa hospitali hii. Muuguzi Mkuu pamoja na wakunga na wauguzi wote. Familia ya Dada yetu anayestaafu leo. Na ninyi wageni wa viti vya nyuma, ambao nimeona mlifika mapema kuliko sisi wa viti vya mbele: naomba mzipokee salamu zangu kwa mpangilio huo huo, na kama nimemruka mtu, anisamehe, maana nimesimama hapa kuomba msamaha wa kosa kubwa zaidi ya hilo.

Ratiba inasema kwamba Msajili wa Vizazi atatoa neno fupi la shukrani. Shukrani zipo, nitazifikia. Lakini mwenye sherehe, Dada Chausiku, alinituma Jumanne iliyopita nikamtafutie jibu la swali moja, akanikataza kumpa jibu hilo pembeni. Alitaka alisikie mbele za watu. Mpaka dakika hii hajalijua. Mkimwona anakunja na kukunjua leso yake, sababu ndiyo hiyo.

Naanza na jina lenyewe. Kabla serikali haijawa na fomu, wazee wetu walikuwa na usajili wao, na daftari lao lilikuwa mtoto mwenyewe. Binti wa Ijumaa aliitwa Mwajuma, wa tatu kuzaliwa aliitwa Tatu, na aliyeingia duniani watu wamelala aliitwa Chausiku. Dada yetu alilipata jina hilo kwa haki. Mama yake mzazi, ambaye amekaa pale akinitazama kwa mashaka, aliwahi kunieleza kwamba binti huyu alizaliwa saa nane na robo usiku, na kwamba baba mtu alipotakiwa achague jina alijibu, "Jina la nini tena, hamuoni giza?"

Sasa niwaulize: inakuwaje katika mji huu tuna akina Chausiku waliozaliwa mchana kweupe? Yupo Chausiku fundi wa lifti, aliyezaliwa saa nne asubuhi. Yupo Chausiku refa wa mpira, aliyezaliwa alasiri, ambaye mashabiki wa timu inayofungwa humkumbusha jina lake kila Jumamosi. Yupo Chausiku mwalimu wa hesabu, aliyezaliwa wakati wa chakula cha mchana. Kila mwaka hutumia dakika kumi kulieleza darasa jipya jambo hilo, na wanafunzi wameshagundua kwamba wakimuuliza upya wiki ya pili watapata dakika kumi nyingine bila hesabu. Wote ni wa umri mmoja, wote walizaliwa katika wodi moja, ndani ya wiki saba za mwaka mmoja. Walioandikwa jina hilo ni kumi na tisa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kosa ni langu.

Miaka thelathini na moja iliyopita niliajiriwa kuwa karani wa vizazi katika hospitali hii. Kazi yangu ilikuwa kuingia wodini, kuzungumza na kila mzazi na kuandika jina alilompa mtoto. Lakini niliona haya kuingia wodi ya wazazi. Nje ya mlango palikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani yake wahudumu waliweka zile kadi zinazoning'inizwa kwenye vitanda vya watoto. Nikaona hapo pana njia ya mkato. Kila kadi ilikuwa na jinsia, uzito, saa, na chini kabisa mstari mmoja uliochapwa "Jina", basi. Jina la nani? Kadi haikusema. Utaratibu wa wodi, ambao kila mtu aliujua isipokuwa mimi, ulikuwa kwamba pale huandikwa jina la mkunga aliyempokea mtoto. Wakunga wengine walichora sahihi zisizosomeka hata kwa wao wenyewe. Mmoja tu ndiye aliyeandika jina lake zima, kwa mwandiko wa ubaoni.

Mtaniuliza: kadi za watoto wa kiume je, hukushtuka? Kwa watoto wa kiume nilidhani hilo ni jina la mama, nikaliacha la mtoto wazi kama nilivyofanya kwenye kadi zisizosomeka. Kwa wa kike nilidhani ni la mtoto. Mtu akishaamua kukosea, akili yake humsaidia. Nilimwandikia hata mama yangu barua kwamba watu wa huku ni wema, ila wanalipenda jina la Chausiku kupita kiasi.

Wiki ya saba alikuja dirishani baba mmoja, mwashi, na vyeti viwili mkononi.

"Karani, hawa ni mapacha."

"Hongera sana, mzee."

"Asante. Sasa nikiita Chausiku, aje yupi?"

Nikamwambia huenda mama yao amelipenda jina hilo. Akanitazama kama anayetazama ukuta uliopinda. "Mama yao alishachagua majina mawili tangu mimba ina miezi mitano. Hili halimo. Huyu Chausiku ni nani?"

Nikaenda wodini, nikabisha hodi kwa mara ya kwanza. Mlango ulifunguliwa na dada mmoja aliyekunja mikono ya sare yake mpaka kwenye viwiko. Nikalisoma jina kifuani pake, nikaomba radhi, nikaufunga mlango taratibu.

Mkuu wangu wa kazi aliniamuru niziandikie familia zote barua: waje dirishani, warekebishiwe bure. Nikaziandika kwa mkono, zote. Mwezi huo huo nikahamishiwa kituo kingine, na nakiri kwamba niliondoka kwa furaha.

Niliporejea baada ya miaka mingi, sasa nikiwa na kiti kinachozunguka na jina langu mlangoni, nilialikwa chai katika chumba cha wakunga. Dada Chausiku alikuwa anawasimulia wakunga wapya jinsi alivyotaka kuiacha kazi hii. Mwaka ule ulikuwa mgumu, alisema. Alikuwa ameshaandika ombi la kuhamishiwa stoo ya dawa, karatasi ikiwa mfukoni, kwa sababu aliamini kwamba mkunga ni mtu wa kusahaulika: mtoto akishalia, hakuna anayemtazama tena. Siku hiyo akaingia mzazi aliyemleta binti yake kupimwa uzito.

"Anaitwa nani?"

"Chausiku."

"Mmempa jina langu?"

"Ndivyo alivyoandikwa, dada."

Ndugu zangu, mama yule alisema kweli tupu. Lakini Dada yetu aliona ni unyenyekevu. Wiki iliyofuata wakaja wengine wawili, tena watatu. Akaichana ile karatasi. Wakunga wapya walipangusa machozi, na mimi nikainywa chai yangu kimya. Nimeinywa hivyo kwa miaka tisa.

Jumanne nikashindwa. Angestaafuje akiwa na hadithi ambayo nusu yake nimeificha mimi? Nikamkuta anapanga vikombe, nikamweleza yote. Aliendelea kupanga vikombe mpaka maji yakachemka.

"Kwa hiyo si wao waliowapa watoto jina langu. Uliwapa wewe."

"Ndiyo, Dada. Kwa bahati mbaya."

"Na mimi nikabaki kazini maisha yangu yote kwa sababu ya uvivu wako."

"Haya, Dada. Haikuwa uvivu, ilikuwa haya."

"Vyovyote." Akazima jiko. "Wangapi walirudi kubadilisha?"

Sikujua. Sikuwahi kuthubutu kuangalia.

"Katazame," akasema. "Utaniambia nikiwa nimekaa mbele za watu, ili nikitaka kulia nione aibu."

Dada, nilitazama. Daftari la masahihisho la mwaka ule lilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa ya chumba cha kumbukumbu, na karani aliyenirithi, mama mmoja makini, alikuwa na desturi ya kuandika maneno ya watu kama walivyoyatamka.

Waliobadilisha ni wawili. Mmoja, kwa sababu mama mwenye mtoto naye ni Chausiku, na nyumba ilishindwa kuelewana. Wa pili ni mmoja wa mapacha wa mwashi. Walipoelezwa kwamba ni jina la mkunga wao, wazazi waligombana dirishani saa nzima wakitafuta nani abaki nalo, wakampa aliyetangulia. Aliyelikosa yupo ukumbini, na ameniambia kwa ukali kwamba nilimdhulumu kwa dakika kumi na mbili.

Sasa sikiliza, Dada. Wazazi kumi na mmoja walikuja dirishani. Walielezwa kosa, wakaonyeshwa fomu, wakaambiwa ni bure. Mbele ya kila mmoja pameandikwa: "Amesema liachwe." Na sababu zipo. "Siku mbili za uchungu, huyo ndiye aliyenishika mkono." Mwingine: "Wote waliniuliza namba ya kadi. Yeye aliniuliza kama nimekula." Na mwingine: "Mume wangu anataka jina la mama yake. Mwambieni mmekataa."

Kwa hiyo mimi niliandika kwa kosa, lakini hawa walikuja kwa miguu yao na kuliacha wakijua. Hukubaki kazini kwa ajili ya uongo. Watoto walipewa kweli jina lako, ila mimi niliwatangulia wenye kulitoa. Kwa haya yangu yaliyokugharimu mashaka ya wiki hii, na kwa miaka tisa ya chai, naomba radhi mbele ya wote hawa. Na hapo ndipo zilipo shukrani zangu: mkunga anayeandika jina lake zima, likasomeka, amekubali kuulizwa.

Naomba akina Chausiku waliofika wasimame. Kaka mpiga picha, usimkate refa, ni yule mrefu. Naona mama mzazi naye amesimama, ingawa hajaitwa. Akae kwa heshima zake.

Dada ananyoosha mkono. Naam, Dada?

Anauliza, kumi na mmoja na wawili ni kumi na watatu. Hao sita wengine je?

Hao hawakuja dirishani, Dada, na sitakudanganya mara ya pili. Pengine waliridhika, pengine barua zangu hazikuwafikia. Sijui.

Anasema niwatafute. Anasema kuanzia kesho yeye ana nafasi, tutakwenda pamoja, na milangoni nitabisha mimi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wote, mmesikia. Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Naomba ruhusa nikae. Kesho nina safari.