Adélaïde Nabintu M'Cirhuza, Mwenye Gari la Mujane

Marehemu Adélaïde Nabintu M'Cirhuza, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 18 Mei 2024, alizaliwa hapa hapa Miti, katika eneo la Kabare, tarehe 14 Juni 1968. Alikuwa mtoto wa tano wa mzee Cirhuza, fundi wa matofali, na mama Nsimire. Wote wawili walitangulia. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na shemeji yake, Fabien Cubaka, mdogo wa mume wake. Marehemu ndiye aliyemchagua. Kwa nini alimchagua yeye, na si padri wala mwanawe, mtaelewa mbele kidogo.

Masomo ya msingi aliyafanya Miti kuanzia mwaka 1974. Mwaka 1981 alipelekwa Bukavu kwa masista kujifunza ushonaji. Huko cherehani moja ya kukanyaga ilikuwa nzito kama mzigo wa mchanga, na wanafunzi walikuwa wanaitoroka. Adélaïde aliifungua siku moja ya mapumziko, akaitilia vipande vya baiskeli mbovu, akaifunga. Kesho yake Sista alipoikanyaga, ilikimbia mpaka ikashona kitambaa pamoja na mkono wa nguo yake. Adélaïde aliadhibiwa kufyeka majani ya uwanja wiki nzima. Alifyeka bila kuomba msamaha, kwa sababu, kama alivyosema hadi mwisho, aliitengeneza mashine ili ishone, na ilishona. Aliacha masomo mwaka wa nne wa sekondari baba yake alipougua.

Tarehe 4 Agosti 1990 alifunga ndoa katika kanisa la parokia na Delphin Murhula, dereva. Walijaliwa watoto wawili, Aimée na Guy. Mwaka 1995 Delphin alinunua kwa mkulima mmoja karibu na Lwiro gari aina ya Land Rover, ile ndefu, ya mwaka 1974. Kuku walikuwa wanalala ndani yake. Delphin aliliendesha kwa miaka saba, kisha injini ikafa, naye mwenyewe akaifuata injini: alifariki kwa homa tarehe 11 Agosti 2003. Walipendana, hilo lisemwe. Adélaïde hakuolewa tena, na haikuwa kwa kukosa waombaji.

Sasa tuseme lile ambalo programu nyingi za mazishi huliruka. Siku ya kumaliza matanga, sisi ndugu wa Delphin tulifika nyumbani kwa mjane, kule Kadutu mjini Bukavu, tukachukua vitu vya ndugu yetu. Tulichukua kitanda, redio, kabati, sufuria kubwa na cherehani, ingawa cherehani alikuja nayo kutoka kwao. Fabien, anayesoma, ndiye aliyebeba redio. Kilichobaki kilikuwa lile gari, likiwa juu ya mawe katika uwanja wa garaji ya fundi Raphaël, bila injini wala magurudumu. Kaka yetu mkubwa, mzee Léopold Birindwa, alilitazama akasema:

"Ile chuma mumuachie mujane. Ataanikaka nguo juu yake."

Tulicheka. Hayo ndiyo tuliyomwachia mke wa ndugu yetu na watoto wawili: kicheko na chuma.

Juma lililofuata Adélaïde alikwenda kwa fundi Raphaël akamwomba amfundishe. Raphaël, ambaye leo ana miaka themanini na mmoja na amekaa pale mbele, alimjibu:

"Maman, huku kuko grasi na matusi. Utaweza?"

"Grasi inatokaka na sabuni," akasema Adélaïde. "Matusi nilikwisha kuzoea ku bashemeji."

Walikubaliana awe anawapikia mafundi maharagwe na kwa hilo afundishwe kazi. Alipika miezi kumi na minne. Siku aliyofungua giaboksi peke yake na kuirudisha bila chombo hata kimoja kubaki mezani, alivua kitambaa cha jikoni, akasema kuanzia leo kila fundi ajipikie. Mafundi walilala njaa siku mbili wakidhani anatania.

Kulijenga lile gari kulimchukua miaka saba, akifanya kazi ya wengine mchana na ya kwake Jumapili baada ya misa. Aliligusa kwanza kule chini, kwenye shasi, ule uti wa mgongo wa gari, maana kutu ilikuwa imeula mpaka ukipiga nyundo inapita. Alikata vyuma vya lori lililokufa, akachomelea shasi mpya, na kila alipochomelea kipande alinyoosha kamba kutoka pembe hii ya mbele hadi pembe ile ya nyuma, kisha pembe ya pili vivyo hivyo. Kamba hizo mbili zikipishana urefu hata kwa upana wa kidole, alikata akaanza upya. Injini ya dizeli aliitoa katika basi dogo lililoanguka korongoni. Haikutaka kuungana na giaboksi, basi akachongesha bamba la chuma la kuziunganisha; la kwanza likaunguruma, la pili likaunguruma, la tatu likanyamaza. Springi alizitolea lori, akaziongeza majani, yale mabamba yanayopangwa moja juu ya jingine, ili gari lisimame juu zaidi ya mawe. Bomba la kuvuta hewa alilipandisha hadi juu ya paa, ili maji ya mto yakifika kwenye taa, injini iendelee kupumua. Mbele alifunga winchi, ile mashine ya kuvutia magari kwa waya. Kuta za nyuma alizikunja kutoka kwenye mapipa. Watu wa Kadutu walipita wakamwuliza kama anajenga gari au kanisa, kwa jinsi lilivyokuwa haliishi.

Liliwaka tarehe 27 Novemba 2010. Siku hiyo hiyo alichukua burashi akaandika mbele, kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: MUJANE. Alituandikia sisi, na tulielewa.

Kazi yake tangu hapo mnaijua, kwani wengi wenu mmekula mawese yaliyosafiri ndani ya gari hilo. Alikuwa mwanamke wa kwanza tuliyemsikia akishika usukani mwenyewe kutoka Bukavu hadi Shabunda. Safari ya kwanza ilimchukua siku tisa. Alipeleka chumvi, sabuni, madaftari na dawa, akarudi na mawese na wagonjwa. Madereva wenye magari mapya walipokwama waliona aibu kumwita, kisha giza likikaribia, walimwita. Aliwavuta kwa winchi na kuwahubiria kuhusu matairi yao mpaka wakatamani kubaki kwenye tope. Kwa ukweli, alikuwa na ulimi mkali. Fabien ameona wanaume wazima wakishuka garini mwake wakalia kwa hasira na kwa shukrani pamoja.

Gari lilipoanza kutembea, sisi tulikumbuka kwamba ni la ndugu yetu. Jumamosi tarehe 16 Februari 2013 mzee Léopold aliita baraza la ukoo nyumbani kwake. Tulikuwa wanaume kumi na tisa. Adélaïde aliitwa, akaja akiendesha.

"Gari ya ndugu yetu inatembea, na sisi tunaenda na miguu," alisema mzee Léopold. "Ile haiko heshima."

Baraza liliamua: kilichokuwa cha Delphin kirudi kwa ukoo. Fabien alikuwa miongoni mwa walioinua mkono. Adélaïde alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza mtu. Halafu akasema:

"Ni ya kweli. Yenye ilikuwa ya Delphin ni yenu. Mungoje kidogo niwatolee."

Alitandaza turubai uwanjani, akafungua sanduku la spana. Alianza na mlango wa dereva, uliokuwa wa zamani, akaufungua bawaba na kuulaza juu ya turubai. Akang'oa kiti cha dereva. Mwisho akafungua nati ya usukani, akautoa mzima, akauweka juu ya kiti. Ilimchukua chini ya saa moja. Kisha akajipangusa mikono.

"Hii njo ya Delphin. Mubebe. Ingine yote nilichomelea mimi, na Papa Raphaël iko anajua kila kipande kilitoka wapi."

Aliweka kreti ya bia mahali pa kiti, akabana koleo kubwa la kujifunga kwenye chuma cha usukani, akaligeuza gari uwanjani kwa lile koleo, akateremka hadi Kadutu mvua ikimwingilia ubavuni. Hakutazama nyuma. Sisi tulibaki na mlango. Mzee Léopold alimwamuru Fabien akipeleke kiti ghalani, na Fabien alikibeba kichwani, akiwa na miaka thelathini na mitatu, mbele ya majirani. Hajawahi kuona haya kama siku ile.

Jumatatu Fabien alikwenda garajini kuomba kazi. Adélaïde hakumwuliza chochote wala hakumsamehe. Alimpa beseni la mafuta ya taa na rundo la vyuma vya kuosha, akaviosha mwezi mzima. Mwezi wa pili alimpa spana. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na kila alichojifunza Fabien maishani, ukiacha kusoma na kuandika, alikipata chini ya gari hilo akiwa amelala chali. Aimée, binti wa marehemu, alikuwa amekwisha kumtangulia kazini. Alianza kuendesha njia ya Shabunda mwaka 2015, naye ndiye aliyeibadilisha breki ya mbele kwa namna ambayo hata mama yake aliikubali, jambo lililotokea mara chache.

Mwezi wa Aprili 2019 mzee Léopold alishikwa na tumbo kijijini, barabara imekatika sehemu tatu, na wabebaji wa machela walikataa kwa ajili ya mvua. Adélaïde alikwenda mwenyewe. Tulidhani atamkumbusha ya zamani. Alisema tu:

"Keti mbele, shemeji. Nyuma kuko bidoni za mawese."

Mzee alifikishwa hospitali, akapasuliwa, akapona. Alimshika Adélaïde mkono kitandani akasema, "Adélaïde, hii sitasahau."

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2022, saratani ya titi. Alitibiwa Bukavu kwa subira ndogo sana. Madaktari walipomwambia apumzike, aliwauliza kama gari hupona kwa kupumzika. Miezi miwili ya mwisho alikuwa kitandani, lakini madereva walimpigia simu kutoka njiani naye akawaamuru wasogeze simu karibu na chombo kinacholia. Siku moja alisikiliza kidogo akasema, "Acha injini, haiko mugonjwa. Ni beringi ya pine ya mbele, kuume. Usiteremuke muteremuko na ile." Walifungua gurudumu hilo, wakaikuta beringi imesagika. Tarehe 5 Aprili mwaka huu alimwita karani kitandani, na karatasi za gari zikahamishiwa jina la Aimée, kwa sahihi na mashahidi wanne.

Juma hilo hilo alimwita Fabien.

"Usiandike eti nilikuwa mupole," alimwambia. "Andika yote. Andika na kile kiti ulibeba ku kichwa."

"Bandugu zangu batakasirika, Maman Aimée."

"Bakasirike tu. Mimi nitakuwa mu sanduku, habatanifanya kitu."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, Aimée akiwa amemshika. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka hamsini na sita. Tumelia, na bado tutalia. Fabien ameandika mistari hii akifuta karatasi mara tatu.

Alhamisi, mwili ukiwa bado haujatoka hospitali, mzee Léopold aliita baraza. Alisema mwenye gari amekufa, karatasi ni mambo ya wazungu, na baada ya kumaliza matanga gari lirudi kwa ukoo wa Delphin. Shukrani ya punda ni mateke. Alimwomba pia Fabien aondoe katika wasifu huu habari za baraza na za gari, aseme tu kwamba marehemu alikuwa mama mwema na mcha Mungu. Alimwambia wazi: akiyasoma hayo mbele ya watu, ahesabu kuwa hana tena kaka wala ukoo. Fabien aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Ijumaa asubuhi alipeleka maandishi haya kwa mchapaji kama yalivyo, nakala mia tatu, na mnazo mikononi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Aimée na Guy, wajukuu watatu, fundi wake Raphaël, na madereva wa njia ya Shabunda ambao leo wamekuja na matope yao. Ameacha pia Fabien Cubaka. Tangu jana hahesabiwi katika nyumba ya Murhula, basi anajiandika hapa, katika nyumba ya Adélaïde, na anaomba apokewe.

Sanduku hili limeletwa Miti na Mujane, Aimée akiendesha. Baada ya mazishi Aimée atapanda gari lake arudi kazini. Mwenye neno juu ya hilo aliseme sasa, wakati marehemu bado yuko juu ya ardhi, maana yeye kila jambo aliwajibu watu akiwa amewatazama machoni.

Kama hakuna, vijana, shikeni kamba tumteremshe taratibu.

Adélaïde, mke wa ndugu yangu, bwana wangu wa kazi: Mungu akupokee, na kwa mara ya kwanza kubali kupumzika. Uwe na amani.