Madoa Yale Hayakuwa ya Kipigo

Mama zangu shikamooni, nanyi wenzangu salamu. Hapa Bangwe mnanijua kwa mdomo, kwenye vichanja vya dagaa hakuna anayenishinda maneno. Lakini palipohitaji neno moja tu, nilinyamaza.

Mwaka jana mguu wangu ulivimba. Hospitali wakasema damu imeganda kwenye mshipa, wakanipa vidonge vya kuizuia isigande. Nesi akanionya: ukiona michubuko bila kuumia, fizi zikivuja damu, choo kikiwa cheusi, njoo haraka. Na usimeze dawa nyingine bila kutuuliza. Nikaitikia. Ninyi sikuwaambia, niliogopa mtasema nimerogwa.

Sasa lile kopo letu la vidonge vya maumivu si mnalijua? Tukishachoka kuinama kugeuza dagaa, linapita mkono kwa mkono, kila mtu anachukua viwili. Nami nikachukua, kila siku. Ningekataa mngeuliza sababu.

Wiki ya pili mikono ikajaa madoa meusi. Mkanong'ona. Kisha wanne kati yenu mkaja kwangu Ujiji, mkamkalisha mume wangu chini, mkamwambia aache kunipiga. Ndugu zangu, nawaambia, yule hajawahi kuniinulia mkono. Akanigeukia.

"Sema, mke wangu."

Nikainamisha kichwa. Basi, msikitini watu wakaanza kumkwepa.

Siku chache baadaye choo kikawa cheusi tii, nikaanguka pale vichanjani. Aliyenibeba mgongoni hadi kwenye pikipiki ni huyo mliyemwita mpigaji. Daktari akauliza nilichanganya dawa gani hata damu ikavuja tumboni. Nikaeleza yote, mume wangu akisikia. Yeye akaenda kunitolea damu.

Namshukuru nesi. Nakushukuru na wewe uliyenifulia nguo zangu zilizochafuka siku ile, unajijua. Dawa yangu bado nameza, napimwa damu kama nilivyopangiwa. Lile kopo likipita, mwenye dawa ya hospitali aseme bila aibu, na mwenye kopo aulize kwanza.

Lakini nina uchungu. Mlisema na kila mtu isipokuwa mimi. Na mimi nilimwacha mtu wangu achafuliwe jina ili msiseme nimerogwa. Hilo halina kidonge.

Yuko nje, mlangoni pa ua huu. Nilimwomba aingie mmwombe radhi, akakataa. Anasema wale wanne wanajua njia ya kumfikia, walishaipita mara moja.