Barbro Tjernlund na Mkono wa Kinyozi

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliokanyaga barafu asubuhi hii ya Ijumaa, tarehe 25 Februari 2022, kuja kumsindikiza mama yetu, mimi ni Pernilla, mtoto wake wa pekee, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha yake, ambayo sehemu nimeyaandika mimi na sehemu aliyaacha mwenyewe yameandikwa kwa penseli, na kwa kuwa alinijua kuwa mtu wa kulainisha mambo, juu kabisa ya karatasi yake aliniagiza nisome yote, hata yale yatakayonikwama kooni.

Marehemu Barbro Elsa Tjernlund, aliyeitwa Hedlöf kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 huko Sollefteå, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Mzee Hjalmar Hedlöf, mpasua mbao, na Mama Signe, mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa na joto jikoni tu, na ndiyo maana watoto wote wanne walijifunza kusoma karibu na jiko.

Alianza shule ya msingi Agosti 1950, akapenda hesabu kiasi cha kumkera mwalimu wake, kwani akimaliza za kwake alikuwa akisahihisha za wenzake bila kuombwa, na mwaka 1959 akajiunga na chuo cha ufundi cha Härnösand, msichana peke yake katika darasa lenye wavulana ishirini na wawili, waliomwita Bi Rula hadi siku ya kuhitimu, Juni 1963, na wawili kati yao waliendelea kumwita hivyo kwenye kadi za Krismasi mpaka walipofariki.

Kuanzia mwaka huo alichora ramani za mabwawa ya umeme, kazi aliyoipenda, lakini ujenzi wa mabwawa ulipoanza kuisha alihamia Stockholm, na tarehe 1 Septemba 1969 akaajiriwa katika idara ya vipimo vya mionzi ya hospitali moja kubwa ya mjini, ambayo hakutaka itajwe hapa, nami nitaheshimu hilo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1970 na Bwana Folke Tjernlund, fundi bomba wa Sundbyberg, mtu mpole aliyepiga mluzi akiwa amelala chini ya masinki ya watu, wakajaliwa mtoto mmoja tarehe 23 Aprili 1972, ambaye ndiye mimi, wakaishi pamoja miaka thelathini na mitatu bila kugombana hadharani, hadi Baba alipotutoka tarehe 11 Oktoba 2003.

Sasa niieleze kazi yake, maana wengi wenu mlijua tu kwamba Barbro yuko hospitali. Idara yao ilikuwa na mashine ya kutibu maradhi ya ubongo bila kisu na bila kufungua fuvu, ambamo vyanzo vya mionzi zaidi ya mia moja na hamsini vilipangwa kuzunguka kichwa, kila mwale ukiwa dhaifu kiasi cha kupita bila kudhuru, lakini pale yote inapokutana huchoma kipande kisichozidi punje ya njegere. Mgonjwa hufungwa fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, hupigwa picha akiwa nayo, kisha mtu mmoja huiweka picha kwenye kisanduku cha taa, akapima kwa rula mahali hasa pa kuchoma, na mgonjwa huingia mashinani akiwa macho kabisa, akatoka jioni na kwenda zake, bila mshono wala bandeji zaidi ya alama nne za skrubu, na matokeo hayaonekani mpaka zipite wiki nyingi. Mtu huyo wa kupima, kwa miaka ishirini na tisa, alikuwa mama yangu.

Hapa ndipo karatasi yake inaponikwama, naye alijua, kwa sababu pembeni ameandika hivi: "Taja tarehe ya kosa. Usiseme changamoto." Basi Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1977, aliletwa Bwana Valfrid Norrby, kinyozi wa Katrineholm, mseja wa miaka arobaini na mitatu, ambaye mikono yake yote ilitetemeka, wa kulia zaidi, na ambaye wateja wake walikuwa wameanza kutaniana kwamba ukienda kwa Norrby kunyolewa ndevu umuage mkeo vizuri. Alitaka atuliziwe mkono wa kulia, ule wa wembe, na kwa kuwa mkono wa kulia huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, huko ndiko ilikotakiwa mionzi ikutane.

Siku hiyo picha iliwekwa kwenye taa ikiwa imegeuzwa uso. Herufi za risasi zinazoonyesha kulia na kushoto, H na V, huonekana vilevile hata ukiitazama picha kwa nyuma, hivyo jicho halikushtuka, na Mama, aliyekuwa amepima mamia ya picha kwa kufuata upande wa kisanduku na si herufi, akapima upande usio sahihi, mwenzake akasoma tarakimu alizoandikiwa, naye akazirudia kwa sauti kama taratibu zilivyotaka, zikalingana, kwa sababu zilikuwa zilezile. Kinyozi akatibiwa, akashukuru kila mtu kwa jina, akapanda treni ya kurudi kwao.

Siku kumi na moja baadaye, akizipanga picha kwenye kabati, Mama aliishika ile ya Norrby akaona kijipengo cha pembeni, ambacho kiwanda hukikata ili ujue uso wa picha, kiko mahali pasipo pake. Alipima upya mara tatu. Ameandika kwamba mara ya kwanza alipima ili ajue, mara ya pili akiomba, na ya tatu kwa sababu hakuweza kusimama atoke chumbani.

Hakuna mwingine aliyejua, wala hapakuwa na kidonda cha kumuumbua. Mama mwenyewe alimweleza daktari mkuu wa idara, ambaye hakuwa mtu mbaya, na familia haimlaumu, naye akamshauri wangoje majira ya kuchipua, kwani mkono ungeweza kuonyesha vingine, na kumwendea mgonjwa sasa ni kumtia hofu bure, na zaidi ya hapo hapakuwa na cha kurekebisha, maana madaktari hawakuthubutu kuchoma pande zote mbili za ubongo wa mtu mmoja, wakichelea kumwondolea usemi. Nafasi ilikuwa moja, na ilikwisha kutumika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda nyumbani, akamweleza Baba jikoni, na Baba akamuuliza tu treni ya asubuhi inaondoka saa ngapi.

Ijumaa, tarehe 2 Desemba 1977, aliingia kwenye duka la Norrby, akangoja mteja mmoja amalizike, kisha akasema akiwa amesimama, na maneno haya ameyaandika mwenyewe: "Bwana Norrby, nilipima upande usio sahihi. Mkono utakaotulia ni wa kushoto, na wa kulia utabaki hivyo hivyo. Ni kosa langu mimi, si la mashine." Aliongeza habari ya usemi na kwa nini upande wa pili hautachomwa, na Norrby akajibu kwamba hilo ni sawa, kinyozi asiyeweza kupiga soga ni heri afunge duka.

Kisha akafagia nywele za yule mteja, akasema: "Wiki mbili sasa kila asubuhi naukodolea macho mkono huu, kahawa inapoa. Kumbe nilikuwa naangalia usiohusika." Mama alipofungua mdomo, alimkatiza. "Msamaha usiniombe, mama. Sijakusamehe, na sitasema uongo ili upande treni roho nyeupe. Siku ikifika nitakwambia mwenyewe." Mama akajibu kwamba hatauliza, na mliomfahamu mnajua kwamba akisema jambo amelisema.

Mwezi Februari 1978 mkono wa kushoto wa Norrby ulitulia, ukawa kimya kabisa, mkono ambao maisha yake yote ulikuwa umeshika taulo tu. Ilibidi aufundishe kazi kuanzia mwanzo, na kwa kujifunza kunyoa vinahitajika vichwa, na Katrineholm nzima hakuna aliyetoa chake. Mama alitoa cha kwake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alipanda treni na kukaa kwenye kile kiti, baadaye akamleta Baba, baadaye akanileta mimi, na ushahidi upo, kwani picha yangu ya shule ya mwaka 1979 inanionyesha nikiwa na nywele za kwenye paji la uso zilizopanda kama ngazi, na mwalimu aliuliza kwa upole kama nyumbani kwetu tuna shida. Baba alikuwa akitoka na mikwaruzo shingoni, akisema kinyozi wenu leo amenionea huruma, maana mwezi uliopita ilikuwa mbaya zaidi.

Kazini, Mama aliandika taarifa ya kosa lake na kuitia sahihi, akaondolewa kwenye upimaji kwa mwaka mmoja, na aliporudi hakukubali kugusa rula mpaka idara ilipokubali mambo mawili, kwamba wapimaji wawili wapime kila mmoja chumbani kwake bila kuona tarakimu za mwenzake, na kwamba mgonjwa, maadamu yuko macho, aulizwe kabla ya kulala kwenye kitanda cha mashine ainue mkono uliomleta. Baadhi ya madaktari waliona ni mchezo wa chekechea, wengine wakaona aibu kumuuliza mgonjwa, lakini utaratibu ulibaki, na alipostaafu tarehe 31 Desemba 2006 walikuwa wakiufuata bila hata kujua ulianzia wapi.

Katika miaka yote hiyo hakuacha kwenda Katrineholm. Nilipokuwa mtu mzima nilimwambia imetosha, mzee ananyoa mji mzima kwa mkono wa kushoto, unatafuta nini tena huko, naye akanijibu kwamba anatafuta kunyolewa. Lakini nilimwona kila alipokuwa akirudi, jinsi alivyovua koti taratibu, na nilijua kwamba leo tena haikusemwa, na yeye tena hakuuliza. Nilimkasirikia sana Bwana Norrby kwa ajili hiyo, na leo nakiri mbele yenu kwamba kuna miaka ambayo sikumtumia hata kadi.

Mwezi Juni 2019 Mama aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, ambayo ilikuwa imepeleka vipande vitatu kwenye ubongo, na tarehe 9 Septemba mwaka huo alilazwa kwenye mashine ya jamii ileile, safari hii akiwa yeye ndiye mwenye fremu, akatoka jioni, akala samaki na viazi, akasema skrubu zinauma kuliko alivyokuwa akiwaambia watu. Vile vipande vitatu havikurudi tena. Mapafu ndiyo yaliyomshinda, kwanza akashindwa kupanda ngazi, kisha hata kuvuka chumba, na Jumapili, tarehe 6 Februari 2022, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa nyumbani Sundbyberg, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka miwili na nusu, na hasa wauguzi wa nyumbani waliokuja hata theluji ilipofunga njia, inawashukuru majirani wa ghorofa ya pili waliotuletea supu na maandazi ya iliki bila kubisha hodi zaidi ya mara moja, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao leo wamejaza mabenchi matatu mazima na bado wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu nani alikuwa na rula bora.

Imebaki shukrani moja. Karatasi ya Mama inamalizika kwa agizo kwamba kabla ya kuisoma nimpigie simu Bwana Norrby, na akikataa nifute jina lake lakini kosa nilibakize. Nilimpigia Jumatatu iliyopita, nikamsomea yote, naye, akiwa na miaka themanini na saba, akaniambia kwamba alikuwa na tiketi ya treni ya Jumanne, tarehe 8, siku mbili baada ya Mama kufariki, na alichokuwa anakuja kusema.

Aliniambia kwamba Jumanne moja ya mwezi Mei 1981 aliingia dukani abiria wa treni asiyemjua, akaketi, akanyolewa ndevu kwa wembe na mkono wa kushoto, akalipa, akaondoka bila kusema lolote, kwa sababu hakukuwa na la kusema, na Norrby akafunga duka saa sita mchana, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, akaitafuta ile hasira asiione. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia, na sikumuuliza kwa adabu. Akasema: "Jumamosi ile ya Juni alipokuja nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwona anavua kofia. Nikaogopa, Pernilla, nikimwambia ataacha kuja. Mwezi uliofuata nikaogopa tena."

Ameomba jambo hili lisomwe leo, hapa, Mama akiwa bado yuko nasi, na amekuja mwenyewe, yuko mstari wa pili. Bwana Norrby, familia inakushukuru.

Pumzika sasa, Mama. Umesamehewa tangu Jumanne, tarehe 12 Mei 1981, saa sita mchana.