Mguu Mzima Ulioruka Kivivu

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, golikipa wa timu ya wanawake alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, aliyekutana naye dakika tano tu zilizopita. Kano ya goti lake iliunganishwa kwa upasuaji miezi sita nyuma, na kliniki haimruhusu kucheza mpaka mguu mbovu uruke karibu sawa na mzima.

"Sasa dada, wiki jana kwa ule mzima niliruka kivivu makusudi. Vipimo vikatoka sawa kwa sawa! Leo nachukua cheti, Jumamosi nadaka fainali."

Nikashusha gazeti, ambalo hata hivyo nilikuwa silisomi.

Jirani yake, mwanamke wa makamo mwenye sare ya posta, hakucheka. "Mdogo wangu, mimi nilirudi kwenye netiboli kwa ubishi huohuo. Kano ikakatika tena. Mpaka leo barua za ghorofani nawaachia wenzangu. Mwambie daktari ukweli."

"Fainali hainisubiri, dada."

"Na goti je?"

"Goti ni langu. Nimeshaamua."

"Na mimi nimeshaamua kukusumbua mpaka ushuke."

Basi likasimama mbele ya kliniki. Ngazi zilikuwa mbili tu. Golikipa wetu akaziangalia, akashika chuma cha mlangoni kwa mikono miwili, akashuka polepole kama anayeingia kwenye maji ya baridi.

Mama wa posta akatupia begi begani, akamfuata. Posta ilikuwa bado vituo vitatu mbele.