Kaburi Katikati ya Ziwa

Wasikilizaji wapendwa, wekeni sufuria chini kidogo, mwambieni jirani asogee. Maître Myriam Kalombo ametutoka. Amefariki Jumanne, hapa Kolwezi, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka hamsini na minane. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Maître Myriam Kalombo, wakili wa mtaa wetu wa Manika, ametutoka.

Mama huyu alisomea sheria ya bahari. Ndiyo, bahari! Tulimcheka miaka mingi, na mimi nilikuwa wa kwanza. Kwetu ni migodi, vumbi na malori. Siku moja nilimuuliza hapa hapa studio: "Maître, bahari yako iko wapi?" Akanijibu: "Fasi yote batu babili banagombania maji, kazi yangu iko pale." Fasi yote, yaani popote pale.

Mnalijua ziwa la bwawa, kule mto Lualaba ulikozuiwa. Kambi mbili za wavuvi zinatazamana: Kilimbi upande huu, Kabundji ng'ambo. Waligombania maji ya katikati mpaka wakakatiana nyavu. Miaka sita iliyopita Maître Myriam akaenda kuwafundisha jinsi nchi zinavyogawana bahari. Mstari wa katikati, akasema, unapimwa kutoka ufuko wa kila mmoja. Na kisiwa kina maji yake yanayokizunguka. Wakampigia makofi. Akapanda pikipiki ya taxi-moto, akarudi mjini.

Hakumaliza somo. Sikilizeni vizuri: hakumaliza somo. Alikiri mwenyewe.

Mwezi wa kumi maji yakashuka, kama kila mwaka. Katikati ya ziwa kikatokea kichuguu cha udongo, upana wake kama kiwanja cha shule. Wiki hiyo hiyo Musafiri, mvuvi wa Kilimbi, akazama kwenye dhoruba. Mjomba wake, mzee wetu tata Hassani, mkuu wa kambi, akatoa amri: azikwe juu ya kile kichuguu. Nanyi mnajua, wasikilizaji, pale ulipozika mtu wako, nani atakufukuza? Kaburi ni hati. Kichuguu kikiwa na kaburi la Kilimbi, basi ni kisiwa cha Kilimbi, na maji yake na samaki wake pia. Kabundji waliposikia, wakaingia kwenye mitumbwi na mapanga.

Falonne, binti wa Maître, alikuwa naye siku ile. Ameniambia: "Telefone ililia saa sita. Mama akasikiliza, akakaa chini. Akasema, 'Falonne, ni mi njo nilibafundisha ile.' Sikuwahi kumuona anaogopa vile."

Waislamu hawachelewi kuzika, kwa hiyo muda ulikuwa mfupi. Maître hakujua kuogelea, lakini aliingia kwenye mtumbwi. Alipofika, mwili wa Musafiri ulikuwa kwenye sanda, wanaume wa Kilimbi wameshika majembe, na Kabundji wamewazunguka, hatua ishirini tu, mapanga wazi.

Maître akapaza sauti akiwa bado majini: "Tata Hassani, mi nilikosa! Kisiwa ni ile inabakia inje hata maji ikijaa! Hii hapana kisiwa!"

"Maître, ulisema mbele ya batu yote," Hassani akajibu. "Leo unageuka? Kabundji balikupa nini?"

Hakubishana. Alishuka, matope yakamfika magotini, akamwendea mama Bilkisi, dada yake Hassani, mama wa marehemu, ambaye alikataa kubaki kambini. Akaomba jembe. Akachimba mara tatu. Shimo likajaa maji.

"Mama," akasema, "mwezi wa pili ziwa itajaa. Batatupa nyavu juu ya kifua yake."

Mama Bilkisi akatia mkono ndani ya lile shimo. Akautoa ukichuruzika matope, akamgeukia kaka yake.

"Mutoto wangu hapana borne," akasema. Borne, wasikilizaji, ni lile jiwe la mpaka. "Tumurudishe kwetu."

Kabundji wakafungua njia. Musafiri akazikwa Kilimbi kabla jua halijazama.

Wakubwa wa mji walijua? Walijua sana! Nani alikwenda? Maître peke yake. Na tangu hapo, kila maji yaliposhuka, alirudi kulimaliza lile somo, mwaka hadi mwaka, hata figo zilipoanza kumsumbua.

Falonne, tata Edouard mume wa marehemu, na ukoo mzima, poleni sana. Mungu ampokee. Kilimbi na Kabundji, poleni nanyi, nimesikia mnavyomlilia.

Lakini asubuhi hii mvuvi mmoja amenipigia simu. Kichuguu kimetoka tena, na mtu ameshajenga kibanda juu yake. Jiulizeni, wasikilizaji wapendwa, machozi yetu yana kazi gani pale? Mimi nikitoka hapa naelekea huko. Anayetaka kumzika Maître vizuri, anifuate ziwani.